Malezi Yetu: Binti Aliyekulia Katika Jumba la Maonyesho



Mama akitaka kumsifu binti yake mbele ya wenzake, mara nyingi husema, "Huyu amelelewa ndani." Maana yake binti hajazurura. Hajui vichochoro. Akitumwa dukani anarudi kabla mate hayajakauka. Ni sifa nzuri, wala sisemi tuiache. Lakini mwezi huu nataka tujiulize swali moja: ndani ya nini? Kwani siku hizi mabinti wetu wengi hawalelewi ndani ya nyumba zetu. Wako bweni tangu darasa la nne. Wako kwa shangazi mjini. Wako kwa mama mdogo, wanasoma huku wakisaidia kazi. Wengine wana vipaji, wakachukuliwa na vikundi vya kwaya, muziki au michezo, na wanasafiri wiki nzima na watu ambao sisi wazazi tunawajua kwa majina tu. Tunalala usingizi tukisema, "Mwanangu yuko mahali pazuri, pana geti na mlinzi."

Nitawasimulia habari za msichana mmoja wa zamani, ambaye geti lake lilikuwa mlango wa jumba la maonyesho la mfalme. Ni habari za kweli, na zina mafundisho mengi kwetu sisi tulio wazazi.

MTOTO WA DIRISHANI

Msichana huyo aliitwa Jenny Lind. Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1820 katika jiji la Stockholm, nchini Uswidi. Hakuzaliwa katika raha. Baba yake na mama yake hawakuwa wamefunga ndoa. Mama alikuwa ameachana na mume wake wa kwanza, na kwa sababu ya imani yake alikataa kuolewa tena wakati mume yule yu hai. Kwa hiyo Jenny alifikisha miaka 14 ndipo wazazi wake wakafunga ndoa. Mama aliendesha shule ndogo ya wasichana nyumbani ili apate riziki, na alikuwa mkali. Akiwa mtoto mchanga, Jenny alipelekwa kijijini akalelewa na karani wa kanisa ambaye pia alikuwa mpiga kinanda. Aliporudi mjini alikuwa na miaka mitatu hivi.

Mtu wa kwanza kumtambua mtoto yule alikuwa bibi yake, mzaa mama. Siku moja kikosi cha askari kilipita barabarani na tarumbeta zao. Baadaye bibi akasikia wimbo ule ule ukipigwa kwenye kinanda chumba cha pili. Akadhani ni dada yake mkubwa Jenny, akamwita kwa jina. Kimya. Alipoingia akamkuta Jenny mdogo amejificha chini ya kinanda, anaogopa kuchapwa. Bibi hakumchapa. Jioni alimwambia mama yake kwamba mtoto huyu siku moja atakusaidia.

Huyo bibi alikuwa mcha Mungu sana. Kwa muda Jenny aliishi karibu naye, katika nyumba ya wajane pale Stockholm, akisikia sala zake asubuhi na jioni. Hata alipokuwa mtu mzima anayejulikana dunia nzima, Jenny alisema kwamba imani yake aliipata kwa bibi. Naomba mkumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Katika nyumba hiyo ya wajane kulikuwa na dirisha linalotazama barabara ya kwenda kanisani. Jenny alikuwa na paka aliyefungwa utepe wa bluu shingoni. Mtoto alikuwa akikaa dirishani na kumwimbia paka wake, na wapita njia wakasimama kusikiliza. Mmoja wa waliosikia alikuwa mtumishi wa mchezaji dansi mashuhuri wa jumba la maonyesho la mfalme. Mtumishi akamweleza tajiri wake, na tajiri akamwita mama aje na mtoto. Alipomsikia akasema huyu lazima afundishwe kwa ajili ya jukwaa.

Mama na bibi walishtuka. Siku zile jina la jukwaa halikuwa jina jema kwa binti wa watu. Lakini mama alikuwa na mzigo wa kulisha nyumba, akakubali kwanza apelekwe kwa mwalimu wa kuimba tu. Mwalimu alipomsikia akatokwa na machozi, akataka kumpeleka kwa mkuu wa jumba. Yule bwana mkubwa aliuliza mtoto ana miaka mingapi. Alipoambiwa ni tisa, alikasirika, akasema hapa si mahali pa kulelea watoto wadogo. Mwalimu akamsihi asikilize kwanza. Alisikiliza, na Jenny akapokelewa. Huo ulikuwa mwaka 1830.

NDANI YA JUMBA

Jumba lenyewe lilikuwa la zamani na lenye historia nzito. Lilifunguliwa mwaka 1782 na Mfalme Gustav wa Tatu aliyependa sana michezo ya kuigiza. Miaka kumi baadaye, tarehe 16 Machi 1792, mfalme huyo huyo alipigwa risasi humo humo, katikati ya karamu ya dansi ambapo watu walikuwa wamevaa vinyago, naye akafa siku chache baadaye. Wakati wa Jenny wazee waliolikumbuka tukio hilo walikuwa bado hai. Humo ndimo mtoto wa miaka tisa alipoingizwa akue.

Akina mama, angalieni mkataba wake, kwa maana ni wa kustaajabisha. Jumba lilichukua jukumu la kumlisha, kumvika na kumpa mahali pa kulala, mpaka atakapokuwa na umri wa kulipwa mshahara. Lilikubali kumfundisha kuimba, kusema vizuri jukwaani, na kucheza dansi, pamoja na masomo mengine yanayomfaa mwanamke aliyeelimika. Kwa upande wake, mtoto alitakiwa kulitumikia jumba hilo kwa miaka mingi mpaka gharama zirudi. Kwa mtoto wa mama maskini wa wakati ule, hii ilikuwa bahati kubwa. Ni kama leo mwanao apate ufadhili wa kusoma shule nzuri, karo, sare na chakula juu ya mfadhili.

Basi Jenny akawa mtoto wa jumba. Mwaka ule ule aliopokelewa, akiwa na miaka kumi tu, alianza kupanda jukwaani na kuigiza watoto katika michezo ya watu wazima. Mchana masomo na mazoezi, usiku taa na watu. Dunia yake ikawa mapazia, mavazi ya kuazima, na makofi. Kwa namna moja alikuwa amelelewa ndani kuliko mtoto yeyote wa Stockholm: alijua kutembea kama malkia, lakini sokoni hakupajua. Wakubwa walimwelekeza pa kusimama, pa kugeukia, na la kusema.

Je, jumba lilimlinda? Kwa mambo mengine, naam. Lilimpa elimu ambayo mama yake asingeweza kumpa. Lakini kuna mambo ambayo jumba halikuyaona kwa sababu halikuwa na macho ya kuyaona. Alipofika miaka 12 hivi, sauti yake ilipata matatizo ikabidi apumzike kuimba kwa muda. Mtoto anayependwa kwa ajili ya sauti yake, sauti ikimpotea, atajiona ni nani?

Na nyumbani nako hakukuwa na pumziko. Jumba lilikuwa likimlipa mama yake Jenny ili awatunze wanafunzi, akiwemo Jenny mwenyewe. Hivyo mtoto akawa njia ya riziki katika nyumba ya mama yake mzazi. Mama alikuwa mkali, na nyumba ikawa na ugomvi. Mwaka 1834 Jenny alitoroka. Wazazi wakataka arudishwe, wakubwa wa jumba wakabisha, jambo likafika mahakamani. Binti akawa kama shamba linalogombaniwa: huku mzazi, huku mwajiri, na kila mmoja ana hoja zake. Mwaka 1836 wazazi walishinda.

Mimi simhukumu mama yule. Alikuwa ameelemewa. Mwanamke aliyelea watoto peke yake, na kidole cha jamii kinamnyoshea kila siku, anaweza kuwa mkali kwa sababu anaogopa. Lakini tuone hatari iliyopo. Kipaji cha mtoto kikianza kuleta unga nyumbani, ni rahisi sana kusahau kumuuliza mtoto mwenyewe kama amelala vizuri.

BINTI WA PARIS

Ili tuone vizuri zaidi, tumtazame binti mwingine, wa miaka hamsini hivi baadaye, katika nchi ya Ufaransa. Huyu aliitwa Marie van Goethem. Alizaliwa mwaka 1865 mjini Paris. Mama yake alikuwa mfua nguo, mtu wa kazi ngumu na kipato kidogo, mwenye mabinti watatu. Mwaka 1878 Marie aliingia shule ya dansi ya jumba kubwa la opera la Paris, na mwaka 1880 akapandishwa kuwa mmoja wa wachezaji wa jumba. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, na kati ya nyimbo huweza kuwa na dansi.

Mabinti wadogo wa dansi waliishi humo karibu kutwa nzima, wakifanya mazoezi ya kusimama kwa ncha za vidole mpaka miguu inaumia. Malipo yalikuwa madogo. Na jumba lile lilikuwa na desturi moja mbaya. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na ukumbi wa wachezaji, na matajiri wanaume waliolipia viti vyao kwa mwaka mzima waliruhusiwa kuingia humo na kuzungumza na mabinti. Kila mtu mjini alijua wanakwenda kutafuta nini. Akina mama wengi waliwasindikiza mabinti wao ili wawalinde. Wengine, umaskini ulipowabana, walisemekana kuwa wao ndio waliopatana bei. Waandishi wa siku zile waliwacheka sana akina mama hao. Hawakuwacheka matajiri kwa kiasi hicho hicho.

Mchoraji mashuhuri, Edgar Degas, alimtumia Marie kama kielelezo cha sanamu ya nta ya msichana wa dansi wa miaka 14. Sanamu ilionyeshwa mwaka 1881, na baadhi ya wakosoaji walimwita mtoto yule sura mbaya, wakamfananisha na nyani. Mwaka 1882 Marie alifukuzwa kazi kwa kuchelewa na kutohudhuria. Baada ya hapo habari zake zinapotea kabisa. Sanamu yake iko katika majumba makubwa ya makumbusho ya dunia, lakini alikokwenda mwenyewe, alivyoishi na alivyokufa, hapajulikani. Maelfu wamemtazama, wala hakuna aliyemfuatilia.

Lakini mama yule yule alikuwa na binti mdogo aliyeitwa Louise-Joséphine. Naye aliingia jumba lile lile, akapita mlango ule ule, akabaki humo kwa heshima akawa mchezaji wa miaka mingi na mwalimu wa dansi. Kwa hiyo tusikimbilie kusema ni jumba tu, au ni mama tu. Mtoto mmoja na mtoto mwingine si sawa, na kila mmoja anahitaji jicho lake.

KANZU YA HANA

Dada zangu, Biblia pia ina mtoto aliyelelewa katika jumba la zamani. Soma Samweli wa Kwanza, sura ya 1 hadi ya 3. Hana alimwomba Mungu mtoto kwa machozi. Alipompata Samweli na kumwachisha ziwa, alimpeleka Shilo katika nyumba ya Bwana, akamwacha huko chini ya mzee Eli.

Mahali gani patakatifu kuliko hapo? Na bado, ukisoma sura ya 2, unaona kwamba humo humo walikuwemo wana wa Eli, waliokuwa watu wabaya. Walinyang'anya sadaka, na waliwaharibu wanawake waliotumika mlangoni. Mlinzi wa nyumba alikuwa mzee aliyekwisha kupungukiwa na macho, ambaye alisikia habari mbaya, akakemea kidogo, akaacha. Samweli alikua katikati ya mambo hayo yote. Basi tusidanganywe na jina la mahali. Shule ya kanisa ni jambo jema. Kwaya ya usharika ni jambo jema. Nyumba ya mchungaji ni jambo jema. Lakini Shilo nako kulikuwa na wana wa Eli.

Sasa soma mstari wa 19 wa sura hiyo ya 2. Unasema kwamba kila mwaka Hana alimshonea mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea. Nimeusoma mstari huo mara nyingi kama habari ya nguo tu. Lakini ninyi mnaoshona mnajua jambo moja: huwezi kumshonea mtoto kanzu bila kujua kimo chake. Mwaka jana ilimfika hapa, mwaka huu ameongezeka mabega. Kanzu ile ilikuwa ni ushahidi kwamba mama anajua mtoto wake amefikia wapi. Hana alimtoa Samweli kwa Bwana, lakini hakumwacha.

Na kitabu cha Esta, sura ya 2, mstari wa 11, kina jambo linalofanana na hilo. Esta alichukuliwa akawekwa katika nyumba ya wanawake ya mfalme. Huko ndiko kulelewa ndani kwelikweli! Mordekai, aliyemlea, hakuruhusiwa kuingia. Alifanya nini? Kila siku alipita mbele ya ua wa nyumba ile ili ajue Esta yu hali gani. Hana alikwenda kila mwaka, Mordekai kila siku. Wote wawili waliwaacha watoto katika nyumba ambazo hawakuzitawala, na wote wawili waliendelea kuwajua.

JINSI JENNY ALIVYOSIMAMA

Turudi kwa Jenny. Tarehe 7 Machi 1838, akiwa na miaka 17, aliimba kwa mara ya kwanza nafasi kubwa katika opera na jiji zima likampokea. Jumba likamtumia bila kumpumzisha, maana watu walijaa kila alipoimba. Alipokuwa na miaka 20 sauti ilikuwa imechoka. Mwaka 1841 alikwenda Paris kwa mwalimu mashuhuri, Manuel García. Mwalimu alimsikiliza, akamwambia wazi kwamba sauti hana tena. Akamwamuru anyamaze kwa wiki kadhaa, asiimbe kabisa, ndipo arudi. Akarudi, akaanza kufundishwa upya tangu msingi.

Ni nini kilichomwezesha kusimama? Kwanza, zile sala za bibi. Pili, alipoondoka nyumbani kwa wazazi wake alipokelewa na familia ya mtunzi wa nyimbo, Adolf Fredrik Lindblad, pale Stockholm. Walimkalisha mezani kama mtoto wa nyumba. Hapo hakuwa mwimbaji wa kutazamwa, alikuwa binti. Tatu, aliwekewa mlezi wa kisheria, hakimu mwenye heshima, aliyesimamia fedha zake kwa uaminifu. Tazameni, akina mama: mmoja wa kumwombea, nyumba moja ya kumpokea, na mtu mmoja mwaminifu wa kumshauri. Hao watatu walifanya kazi ambayo jumba lote halikuweza kuifanya.

Alipata sifa Ujerumani, Uingereza, kila mahali. Mwaka 1847 alipoimba London kwa mara ya kwanza, Malkia Victoria alikuwepo. Lakini tarehe 10 Mei 1849, akiwa na miaka 28 tu, katika kilele cha sifa zake, aliimba opera kwa mara ya mwisho akaliacha jukwaa la maigizo moja kwa moja. Tangu hapo aliimba katika matamasha na nyimbo za kumsifu Mungu. Watu walishangaa. Inasimuliwa kwamba rafiki yake mmoja alimkuta ufukweni jua likizama, Biblia iko magotini, akamuuliza kwa nini aliacha. Jenny akajibu kwa kuonyesha ile Biblia na lile jua: jukwaa lilikuwa likimsahaulisha hiki kila siku zaidi, na kile hakukifikiria kabisa. Angefanya nini tena?

Tusielewe vibaya. Hakuwahukumu wenzake waliobaki, wala hakuacha kuimba. Alijua tu kipimo cha roho yake mwenyewe. Na binti hujua kipimo chake kama kuna mtu aliyempima tangu utotoni.

Mwaka 1850 alikwenda Marekani kwa mkataba wa dola 1,000 kwa kila tamasha, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Tamasha la kwanza lilifanyika New York mwezi wa Septemba, na kwa sababu yake alitoa kama dola 10,000 kwa vyama vya hisani vya mji huo. Katika safari ile alipata zaidi ya dola 350,000, na sehemu kubwa aliielekeza kwenye misaada, hasa shule za bure kwa watoto wa kwao Uswidi. Wazazi wake nao aliwatunza, mama mkali pamoja na baba. Neno la bibi lilitimia.

Mwaka 1852 aliolewa na mpiga piano Otto Goldschmidt, wakajaliwa watoto watatu, wakahamia Uingereza. Huko mumewe aliongoza kwaya kubwa ya kuimba nyimbo za Bach, na mwaka 1876 Jenny, aliyewahi kujaza majumba peke yake, alisimama katika kwaya hiyo akiongoza sauti ya kwanza pamoja na akina mama wengine. Alipofundisha katika chuo cha muziki cha London, alisisitiza kwamba wanafunzi wasifundishwe koo tu. Wajifunze pia kinanda, matamshi na lugha. Alifariki mwaka 1887. Nchi yake ilimkumbuka hata ikaweka picha yake kwenye noti ya kronor 50, iliyotumika kuanzia mwaka 1996 hadi 2016.

TUFANYE NINI SISI?

Kwanza, tuijue nyumba aliyomo mtoto. Usitosheke na jina la shule au cheo cha mwenyeji. Nani analala naye chumba kimoja? Nani anaingia bila kubisha hodi? Ni nani "wana wa Eli" wa mahali hapo? Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Pili, tushone kanzu. Nenda siku ya kutembelea wazazi, hata kama huna cha kubeba ila maandazi na chumvi. Usipoweza kwenda, piga simu, na usianze na matokeo ya mtihani. Uliza anakula na nani, ana rafiki gani, nini kilimchekesha, nini kilimtisha. Mtazame anaporudi likizo. Mtoto aliyezoea kuimba akianza kunyamaza, hiyo ni kanzu iliyombana.

Tatu, tutenganishe mtoto na kipaji chake. Kama anaimba, anakimbia au anaigiza vizuri, mshukuru Mungu. Lakini mtoto ajue kwamba siku sauti ikikauka, nyumbani sahani yake bado ipo. Na fedha inayotokana na kipaji cha mtoto ni ya mtoto. Iwekwe benki kwa jina lake, na mtu mwaminifu aitazame.

Nne, tumpe maneno. Binti aliyelelewa ndani mara nyingi hajui kusema hapana kwa mtu mzima, kwa sababu tulimfundisha heshima bila kumfundisha mipaka. Mwambie waziwazi: mtu akikugusa vibaya, akikupa zawadi na kukwambia usimwambie mama, piga kelele, ondoka, niambie. Sitakasirika. Halafu siku akikwambia, kweli usikasirike.

Tano, nasi tuliopokea mabinti wa wenzetu. Huyo msichana anayekulelea mtoto, aliyetoka kwao Singida au Njombe, naye ana mama. Ndani kwake ni kwako. Je, anakaa mezani kama Jenny kwa akina Lindblad, au yeye ni mikono tu? Mpe nafasi ya kwenda kanisani, ya kuongea na mama yake kwenye simu, na mlango wa chumba unaofungwa kwa ndani. Mwenye kushona kanzu ya mtoto wa mwenziwe, Mungu hamsahau.

Nanyi mabibi mnaosoma ukurasa huu, msijione mmezeeka. Mjukuu aliyejificha chini ya kinanda alihitaji mtu mmoja wa kuona zaidi ya kosa lake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika jumuiya yetu, ni watoto wangapi wanaolelewa nje ya nyumba za wazazi wao? Nani anawafuatilia?

2. Someni 1 Samweli 2:12–26. Eli alisikia habari za wanawe akafanya nini? Sisi tunaposikia habari kama hizo shuleni au kwayani, tunafanya nini?

3. Tofauti ya kumtoa mtoto kwa Bwana na kumwacha mtoto ni ipi?

4. Kila mama ataje mtoto mmoja, wake au wa mwenziwe, atakayempigia simu au kumtembelea kabla ya mwezi kwisha.

Tuombe: Bwana, wewe uliyemwona Samweli usiku akiwa amelala peke yake, waone watoto wetu huko waliko. Tupe macho ya Hana na miguu ya Mordekai. Amina.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.